Kwa Penseli hadi Mikoko ya Salenda

Siku za bamvua, bahari ya Dar es Salaam hukupwa hadi mwisho mnamo saa nne asubuhi. Maji hushuka kwa zaidi ya mita tatu, na ufuo ulio kati ya Ocean Road na Daraja la Salenda hubaki tope, mwani na vidimbwi. Hilo ndilo lililopanga ratiba ya matembezi ya kuchora niliyojiunga nayo Novemba iliyopita. Mwalimu wetu alitafuta Jumamosi iliyoangukia mwezi mpevu, akahesabu saa kurudi nyuma, akatutaka tuwe kwenye lango la Bustani ya Mimea saa moja kamili, ili tuifikie mikoko wakati mizizi yake iko nje.

Njia yenyewe ni fupi. Unatoka Bustani ya Mimea, unapita Makumbusho ya Taifa kwenye Mtaa wa Shaaban Robert, unateremka hadi Barabara ya Barack Obama, kisha unafuata bahari, nayo iko mkono wako wa kulia, hadi hospitali ya Aga Khan na mwisho Salenda. Mtu mwenye haraka anaimaliza kwa chini ya saa moja. Sisi ilituchukua asubuhi yote na sehemu ya mchana, na hata hivyo mengi tuliyaruka. Watu wa Dar husafiri mbali kwenda kuona miti na wanyama: Mikumi, Saadani, Amani. Safari hizo ni nzuri na nitazirudia nikijaaliwa. Lakini kati ya nyumba yangu Upanga na bahari kuna viumbe niliowapita miaka na miaka nikiwa dirishani mwa daladala, na nilitaka kuwajua hao kwanza.

Hatukufika watu kumi. Alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa bandari, muuguzi aliyetoka moja kwa moja zamu ya usiku, mchoraji wa Tingatinga kutoka Msasani, mama mmoja na binti yake wa darasa la tano, na vijana wawili wa chuo. Mwalimu ni mama wa makamo aliyefundisha sanaa shule za sekondari kwa muda mrefu. Alikuwa ametuagiza tuje na daftari la karatasi nene, penseli laini ya 2B, kalamu ya wino, kipande cha hadibodi cha kuegemezea, na vibanio vya nguo vya kushikilia karatasi upepo utakapoanza. Kifutio hakikuruhusiwa.

“Mstari usiokaa sawa uacheni hapo hapo,” alisema. “Chora mwingine pembeni yake. Nataka nione mlivyotafuta.”

Bustani ya Mimea ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara. Profesa Franz Stuhlmann, aliyeiongoza idara ya kilimo ya koloni, alitaka kujua ni mimea ipi ya kigeni ingestawi katika ardhi hii. Leo ni kijani kidogo kilichozungukwa na maofisi, na asubuhi ile tausi wa Ikulu walisikika kwa mbali kabla kelele za magari hazijawameza. Mwalimu alitusimamisha mbele ya mtapo, mmea mnene wa shina wenye majani marefu yanayochomoka juu pande zote. Jamii yake ilikuwepo duniani kabla mmea wowote haujatoa ua.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora bila kutazama karatasi. Jicho linaanza kwenye kikonyo cha jani, linatembea taratibu ukingoni, na penseli inalifuata mwendo ule ule. Jicho likisimama, penseli inasimama. Ukitupa macho kwenye karatasi, zoezi limekwisha. Kwa dakika za mwanzo mkono unagoma. Unataka kuchora jani unalolijua, lenye ncha moja na mshipa katikati. Kisha kitu kinalegea. Niliona kwamba vijani vya mtapo havikai sambamba kama nilivyodhani, kwamba vya chini vinafupika hadi kubaki miiba, na kwamba jani zima linajipinda kidogo kuelekea kwenye mwanga. Tulipofunua karatasi, hakuna mchoro uliofanana na mtapo. Mwalimu hakujali. Alimwuliza kila mmoja wetu ameona nini, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

Kutoka hapo tulihamia kwenye mkrismasi uliokuwa umeanza kuwaka maua mekundu. Mti huu asili yake Madagaska, na kwa watu wa Pwani ukichanua tu, Desemba imefika. Mwalimu alituuliza, kabla hatujachora: je, mti huu ni mrefu kuliko upana wake? Wengi tulisema mrefu. Akatufundisha kupima kwa penseli, mkono ukiwa umenyooshwa na jicho moja limefungwa, dole gumba likiweka alama. Tukapima urefu, tukakilaza kipimo kile kwenye mwavuli wa matawi. Upana ulizidi, tena kwa mbali.

Yule mchoraji wa Tingatinga alirudia kupima. “Mti nimeuchora maisha yangu yote, Mwalimu,” alisema. “Shina, tawi, ndege juu ya tawi. Sijawahi kuupima ukiwa umesimama mbele yangu.”

Inafaa nieleze alikotoka. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na shule nzima ya uchoraji ikazaliwa Oysterbay na Msasani. Mwanafunzi anajifunza kwa kukaa na fundi na kufuata mkono wake. Chui anatoka kwenye mchoro wa chui, na mchoro huo ulitoka kwenye mwingine kabla yake. Ndiyo njia ile ile wanayojifunzia mafundi wa kuchonga milango Zanzibar, na naiheshimu. Alichokuja kutafuta kaka yule Jumamosi ile kilikuwa kingine: kukaa na mti wenyewe awe mwanafunzi wake. Nilimwona akijaza kurasa tatu za mkrismasi wakati wengine tuko kwenye moja.

Binti wa darasa la tano naye alikuwa amekaa chini na ua moja lililoanguka. Alilichora kubwa, likajaa ukurasa, kisha akamwita Mwalimu. Petali nne zilikuwa nyekundu tupu. Ya tano ilikuwa nyeupe yenye michirizi na madoa mekundu, na imesimama peke yake. Tukaokota maua mengine na kuyageuza moja moja. Yote yalikuwa hivyo. Mama yake alisema mkrismasi uko nyumbani kwao, getini, tangu binti hajazaliwa.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kazi hii kuliko picha za simu. Simu ingelipiga lile ua, na ile petali ya tano ingekuwemo pichani, kamili, bila mtu kuiona. Mkono hauwezi kuchora petali tano bila kupita juu ya kila moja. Shuleni nilichora moyo wa mwanadamu, ua na panzi, vyote kutoka ubaoni, navyo vilikuwa na majina ya sehemu zake kwa mishale. Kwenye mitihani yetu ya biolojia mwanafunzi anapewa alama kwa mchoro safi. Sielewi kwa nini mtoto asitolewe nje ya darasa, hatua ishirini tu, akachora ua ambalo amelishika mwenyewe.

Kunguru walitungoja nje ya Makumbusho ya Taifa. Nani angemchora kunguru kwa hiari yake? Anaiba samaki jikoni, anavamia vifaranga, anapiga kelele kabla ya adhana ya alfajiri. Huyu wa kwetu mjini si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ale takataka, na baadaye akavuka hadi bara. Kunguru wa asili, mwenye kifua na ukosi mweupe, sasa ni nadra kumwona katikati ya jiji. Mwalimu alitutaka tuchore kwa haraka mno: kutazama, kufumba macho, kuchora kilichobaki kichwani kabla hakijatoroka. Mistari mitano au sita kwa kila mchoro, na ukurasa mmoja ujae michoro.

Muuguzi ndiye aliyeshika mapema kuliko wote. Alisema kazi yake imemzoeza kumtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni na kujua palipo na maumivu kwa jinsi anavyokanyaga. Alituonyesha kwamba kunguru hutembea kwa miguu akiwa hana wasiwasi na huruka kwa miguu miwili pamoja anapojiandaa kukimbia, na kwamba kichwa hutangulia mwili kugeuka. Ukurasa wake ulikuwa na kunguru wapatao ishirini, wote hai. Ile shingo ya kijivu, ambayo mimi sikuwahi kuitofautisha na weusi wa uso, ilionekana wazi kwa kivuli kidogo tu cha penseli iliyolazwa.

Tukiwa pale ngazini Mwalimu alitueleza habari za Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na baadaye akafundisha sanaa Makerere. Vitabu vyake vikubwa kuhusu mamalia wa Afrika Mashariki, vilivyotoka kati ya mwaka 1971 na 1982, vimejaa michoro aliyoichora mwenyewe: mnyama yule yule akigeuka, misuli yake, fuvu lake, masikio yakiwa yamesimama na yakiwa yamelala. Mtu yule alikuwa mchoraji na mwanasayansi kwa wakati mmoja, na kalamu yake haikutenganisha kazi hizo mbili. Vijana wa chuo waliandika jina lake. Mimi nilifurahi kusikia kwamba mkono ule ulianza kujifunza Tabora.

Ufukweni hatukukaa sana. Jua lilikuwa limepanda, na hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Tulichora vitwitwi waliokuwa wakikimbizana na mawimbi, ndege wadogo ambao Novemba huwa wameshafika kutoka kaskazini ya mbali, na mivinje iliyolazwa na pepo za miaka mingi upande mmoja. Mzee wa bandari alitutajia upepo: kusi imeondoka, kaskazi bado haijashika, hii ya sasa ni matlai. Mwalimu akatuagiza tuuandike kwenye pembe ya kila ukurasa, pamoja na tarehe, saa na hali ya maji.

Saa nne ilipogonga tulikuwa tumevua viatu.

Mwalimu alikuwa ameshaomba ruhusa ofisi ya serikali ya mtaa, na tuliingia kutoka upande wa bahari, nyuma yetu likiwa Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, linalopita juu ya maji hadi Oysterbay. Mbele yetu foleni ya Salenda ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake. Katikati, mahali ambapo Mto Msimbazi unamalizia safari yake kutoka vilima vya Pugu, ndipo ilipo mikoko. Hapa mingi ni michu. Mchu husimamisha mizizi yake juu ya tope, mamia kwa mamia kuuzunguka mti mmoja, kila mmoja umesimama wima kama penseli iliyosimikwa. Tope la mikokoni halina hewa, kwa hiyo mti unapumua kwa mizizi hiyo maji yanapokupwa.

Kuichora ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za siku ile. Ukianza kuchora mzizi mmoja mmoja, utazeeka hapo. Mwalimu alitufundisha kuacha mizizi na kuchora nafasi zilizopo kati yake: vipande vya tope na maji yanayong'aa, umbo baada ya umbo. Ukifanya hivyo kwa subira, mizizi inajitokeza yenyewe, myeupe, pale ambapo penseli haikugusa. Nilikaa juu ya kigoda, miguu ndani ya tope la uvuguvugu, na sijui muda uliendaje. Nilijua tu kwamba mizizi iliyo karibu na mkondo ni mirefu kuliko iliyo nyuma, jambo ambalo nisingeliona bila kulazimika kupima nafasi zake.

Mama alimpa bintiye jani la mchu. Upande wa juu ni kijani kinachong'aa, upande wa chini ni weupe wa majivu. “Lilambe,” Mwalimu alimwambia. Mtoto alitutazama sote, akalamba, akakunja uso: “Chumvi!” Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Ukitazama kwa karibu asubuhi kavu, utaona chembe zake zikimetameta.

Mzee alitutajia miti mingine. Mlilana, unaopenda kusimama mbele kabisa ukikabili bahari, ambao ua lake hufunguka usiku na kufikia asubuhi limeanza kupukutika. Tulichora kikombe cha ua kilichobaki kimeshika tunda, chenye ncha za nyota. Kisha mkoko wenyewe, ulioinuka juu ya mizizi ya matao, mbegu zake zikiwa zimeota kabla hazijaachana na mti na kuning'inia, nyingine zikizidi nusu mita. Mbegu ikianguka maji yakiwa yamekupwa, inaweza kujichoma topeni na kuanza maisha hapo hapo. Ikianguka yakiwa yamejaa, inasafiri.

“Nikiwa kijana pale bandarini,” mzee alisema huku akichora, “majahazi yalikuja na boriti kutoka Rufiji. Mengine yalipita moja kwa moja, Arabuni. Huko hawana miti.” Akatueleza jinsi nyumba za mawe za zamani za Pwani zilivyopimwa kwa boriti ya mkoko: upana wa chumba uliishia pale boriti ilipofika, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mchoro wake wa mkoko ulikuwa na jambo ambalo michoro yetu haikuwa nalo. Alikuwa ameuchora kwa kutafuta ndani yake sehemu zilizonyooka, zile ambazo fundi angezitaka.

Sasa niseme kuhusu plastiki. Msimbazi unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na kila mvua inaposhuka mto unaleta uliyopewa njiani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini ya miaka ile na mingineyo bado imejiviringisha kwenye mizizi ya michu, pamoja na chupa, kandambili na nguo. Mmoja wa vijana aliuliza kama anaweza kuviruka. Mwalimu alikataa, kwa upole lakini bila kuyumba: kilichopo mbele yako kichore. Nakubaliana naye kabisa. Mchoro wa Salenda usio na mfuko mweusi umening'inia mzizini ni mchoro wa mahali pengine. Nilichora kandambili moja ya mtoto, ya kushoto, na ndani yake kaa mdogo alikuwa amefanya makazi.

Kaa hao ndio waliomteka binti wa darasa la tano. Kwenye tope lililo wazi walikuwa wengi, wa ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kila dume akiwa na gando moja kubwa mno na jingine dogo. Dume huliinua lile kubwa na kulishusha, kuita majike na kuwatisha madume wenzake. Ukisogea, wote hutoweka shimoni kwa pamoja. Ukitulia, hurudi mmoja mmoja. Mtoto alitulia kwa namna ambayo watu wazima tuliiona aibu kuivuruga. Baada ya muda akaja na daftari lake kwa Mwalimu.

“Mwalimu, huyu gando lake kubwa ni la kulia. Huyu la kushoto. Nilidhani nimekosea, nikaangalia tena.”

“Umehesabu?”

“Kidogo. Wanakaribia kulingana.”

Ni kweli, katika aina nyingi za kaa hao, madume wa kulia na wa kushoto hukaribiana kwa idadi. Mwalimu hakumpa jibu hilo mara moja. Alimrudisha topeni akahesabu zaidi, na safari hii mchoraji wa Tingatinga alichuchumaa karibu yake, wakawa wanahesabu wawili, yeye akimwita “dada” na mtoto akimwita “anko”.

Maji yalianza kurudi kimyakimya kupitia mikondo midogo, na kufikia saa sita vidimbwi vilikuwa vimeungana. Tulitoka, tukanawa miguu, tukakaa chini ya mkungu kando ya barabara, tukanunua madafu. Daftari zilipangwa kwenye nyasi, kila mtu akifungua ukurasa wa mchu. Ni mti mmoja tuliokuwa tumeuzunguka sote, na kila ukurasa ulikuwa umeshika kitu chake: muuguzi aliona jeraha la zamani kwenye gome na jinsi mti ulivyolifunga, kijana mmoja alikuwa ameshughulika na vivuli tu, mzee na mistari yake iliyonyooka.

Mwalimu alizipiga picha kurasa zote zenye tarehe na hali ya maji. Anazihifadhi, na sababu yake ni ya msingi. Bonde la chini la Msimbazi liko katika mradi mkubwa wa serikali unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wa Jangwani wamehamishwa kwa ajili ya mafuriko, na kingo za mto zitabadilika. Wahandisi wana ramani na picha za angani. Mwalimu anataka kuwe pia na kumbukumbu ya wakazi: mchu huu, siku hii, mizizi yake ilifika hapa, kaa walikuwa wengi kiasi hiki. Baada ya miaka kumi mtu arudi na ukurasa ule mkononi, asimame mahali pale pale, achore tena.

Mzee ndiye aliyeuliza tunakwenda wapi mara nyingine. Vijana walitaka Kunduchi, kwenye mikoko minene zaidi. Muuguzi alipendekeza Bustani tena, wakati wa mvua. Mzee alisikiliza, kisha akasema kwamba kama tumeuchora mto unapoishia, adabu ni kwenda kuuona unapoanzia. Hoja yake ilipita. Tutakutana Gongo la Mboto, Jumamosi, na kupanda kuelekea Pugu. Huko hakuna bamvua la kuhesabu, kwa hiyo Mwalimu amekubali tuanze saa mbili.